Mkanda wa buluu uliobanduka: kisa cha stika za boti moja ya Lamu

Simu ya nahodha iliingia mwezi wa nne, masika ndiyo kwanza yameanza. Hakusalimu kwa kirefu kama ilivyo desturi ya watu wa Lamu, ambao hukuuliza ya nyumbani, ya kazini na ya watoto kabla ya kuigusa shida. Alisema tu: "Mwanangu, stika zako zinapepea kama bendera. Njoo uzitizame mwenyewe."

Zilikuwa na miezi minne. Nilizibandika kwa mikono yangu mwezi wa kumi na mbili, Kaskazi ikivuma, na nilipoondoka gatini siku ile niliona fahari. Karakana yangu iko Malindi, na riziki yangu ya kila siku ni mabango ya maduka, milango ya vioo, tuktuk na magari ya hoteli. Boti ile ilikuwa kazi yangu kubwa ya kwanza ya baharini. Naandika kilichotokea hatua kwa hatua, makosa yangu yakiwemo, kwa kuwa nimewasikia mafundi wengi wa pwani wakilalamika vilevile, na karibu wote wanailaumu stika kwa jambo ambalo si lake.

Boti ni ya faiba, futi 26, inapakia abiria kati ya Mokowe, Lamu mjini na Shela. Nahodha aliinunua ikiwa imeshatumika, akaziba ufa mmoja upande wa kushoto karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, kisha akapaka rangi pale palipozibwa ili pafanane na ubavu. Alitaka jina la boti pande zote mbili za omo, yaani mbele, mkanda wa buluu iliyokoza kutoka omo hadi tezi, picha ya kasa anayeogelea, na jina tena juu ya paa, kwa sababu maji yakipwa mtu aliye gatini huitazama boti kwa juu. Akaongeza maandishi mengine madogo: kwenye kasha la plastiki la maboya ya kuvaa, kwenye kioo cha mbele, na ndani chini ya paa, idadi ya abiria wanaoruhusiwa.

Nyuso saba, basi. Mimi niliziona kama kazi moja. Herufi zote na mkanda nilivikata kwenye roli moja ya stika niliyokuwa nayo dukani, kwa kuwa rangi ilikuwa ndiyo aliyoitaka na bei ilikuwa nafuu. Aliponiuliza itakaa muda gani, nilimjibu miaka mitatu, kama ilivyoandikwa kwenye boksi.

Nilifika Lamu wakati wa bamvua, nikaikuta boti imepandishwa mchangani, maji yameenda mbali. Nilikaa nayo saa mbili kabla ya kubandua chochote, na saa zile mbili zimenifundisha kuliko miaka yangu ya karakana.

Cha kwanza kilikuwa ukingo wa mkanda. Juu na chini, urefu mzima, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wanja. Niliugusa ukanata kidoleni. Ilikuwa gundi iliyoachwa wazi, imeshika vumbi, moshi wa injini na mchanga. Niliweka rula: karibu milimita mbili juu, na karibu mbili chini. Stika ilikuwa imenywea, ikarudi ndani ya mipaka yake, gundi ikabaki pale ilipowekwa siku ya kwanza.

Kuelekea omo kuna mfuo ubavuni, mahali ambapo umbo la faiba linaingia ndani kisha linatoka tena, na mkanda unaukata kwa mshazari. Pale stika ilikuwa imejitoa kwenye kina cha mfuo na kujinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo kama ngozi ya ngoma. Nilipoibonyeza ilizama, nilipoiachia ilirudi. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi. Hapo ndipo upepo ulipopata mlango, na ndipo palipokuwa panapepea.

Upande wa kushoto, penye rangi mpya, mkanda ulikuwa na vipovu vingi vidogo kama malengelenge. Nilipobandua kipande, kilikuja na rangi mgongoni. Kwenye kasha la maboya zilibaki herufi tatu tu. Kioo cha mbele nacho kilikuwa na vipovu, ingawa hakikupakwa rangi yoyote. Kasa alikuwa amejikunja miguu yote minne. Juu ya paa, jina lilikuwa limepauka na herufi zimeanza kupasuka nyufa.

Kisha nikaingia ndani ya boti nikatazama juu. Maandishi ya idadi ya abiria yalikuwa kama yamebandikwa jana. Nilipitisha ukucha kwenye kila pembe, haukuingia. Roli ni ile ile na siku ya kubandika ni ile ile.

Mabaharia waliokuwa wamenizunguka walishatoa hukumu: stika ni feki. Maneno yale chini ya paa yanawakatalia. Kama roli ingekuwa mbovu, ingekuwa mbovu kote. Ilikuwa stika halali ya aina yake, na pale ilipokutana na uso ulionyooka, ulio kavu na ulio kivulini, ilifanya kazi yake bila kosa. Kosa lilikuwa kuitaka ifanye kazi sita nyingine ambazo haikuumbiwa.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini, aingie jikoni. Chapati ya kusukuma, ukiipanua kwenye kibao na kuiacha kidogo, hurudi yenyewe ikanywea, kwa sababu unga umevutwa na unakumbuka. Chapati ya maji humiminwa kwenye kikaango ikatandazika yenyewe. Haikuvutwa na mtu, kwa hiyo haina mahali pa kurudi. Stika za vinili ziko hivyo hivyo. Za bei nafuu hutengenezwa kwa kupasha moto plastiki ya PVC na kuipitisha kati ya rola nzito zinazoikandamiza na kuivuta hadi iwe nyembamba, mara nyingi mikroni 70 hadi 100. Ile nguvu ya kuvutwa hubaki ndani yake imelala. Jua likiipiga, inaamka, na stika inaanza safari ya kurudi ilikotoka. Za bei ya juu, zile ambazo sisi mafundi tunaziita kasti, huanza zikiwa uji: PVC iliyoyeyushwa humiminwa juu ya karatasi maalumu na kukaushwa kwenye tanuri. Hutoka nyembamba zaidi, mikroni 50 hadi 60, laini, na hazina haja ya kunywea.

Nilivyoona mimi, wateja hudhani stika nene ndiyo imara. Huipapasa kwa vidole wakachagua nzito. Kwa ubao uliolala kimya si kosa, lakini kwa uso wenye mabonde mambo hugeuka: ile nyembamba ya kumiminwa hulala ndani ya bonde, na ile nene ya kusukumwa hupigana nalo hadi ishinde.

Hata zile za kusukumwa si jamii moja. PVC yenyewe ni ngumu kama bomba la maji, ndiyo maana viwanda huichanganya na vilainishi. Katika zile za chini, ziitwazo monomeriki, kilainishi ni chembe ndogo ndogo zinazotoroka: nyingine huvukia juu, nyingine huzama kwenye gundi na kuilegeza. Stika inabaki kavu, inanywea, inapasuka. Herufi zangu za juu ya paa zilikuwa za jamii hiyo hiyo. Katika zile za kati, polimeriki, kilainishi ni minyororo mirefu isiyotoroka kirahisi, kwa hiyo hunywea kidogo na hukaa miaka mingi zaidi. Viwanda kwa kawaida hutaja mwaka mmoja hadi mitatu kwa monomeriki, mitano hadi saba kwa polimeriki, saba hadi kumi na zaidi kwa kasti.

Hapa ndipo nilipomdanganya nahodha bila kukusudia. Miaka hiyo ya kwenye boksi kwa kawaida huhesabiwa kwa stika iliyosimama wima, katika nchi zenye jua la wastani kama za Ulaya ya kati. Lamu iko takriban nyuzi mbili tu kusini ya ikweta. Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na paa la boti hulipokea lote bila kulikwepa. Uso uliolala hupoteza sehemu kubwa ya umri unaoandikwa, na rangi iliyokoza hupata moto zaidi kuliko nyeupe. Nilimsomea mtu wa Lamu umri wa stika iliyoishi Ujerumani.

Lakini nisiitwishe stika mzigo wote wa kosa hili. Nilipomaliza kutazama, nilipitisha kiganja kwenye ubavu mahali pasipo na stika. Kiganja kilitoka cheupe kama nimeshika chokaa. Ngozi ya juu ya faiba ikichomwa na jua kwa miaka huoza taratibu na kutoa unga, na gundi yangu ilikuwa imeshika unga, haikushika boti. Mwezi wa kumi na mbili niliifuta kwa kitambaa chenye thina nikadhani ni safi. Thina ilipausha uchafu nisiuone, chumvi nayo ilibaki, maana chumvi huondolewa kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, si kwa thina. Penye rangi mpya nilibandika siku nne baada ya kupakwa. Rangi ilikuwa kavu kwa kidole, ila ndani ilikuwa bado inapumua, na pumzi yake ilinaswa chini ya stika. Kioo cha mbele si kioo, ni plastiki ngumu ya polikabonati, nayo pia hutoa hewa na unyevu ikipata joto. Kasha la maboya ni la polithini, jamaa wa ndoo na mitungi, uso ambao gundi ya kawaida huuteleza. Kuna njia nyepesi ya kuutambua: dondosha tone la maji. Likitandaa, gundi itashika. Likijiviringa kama shanga, tafuta stika ya gundi kali iliyotengenezwa kwa plastiki za namna hiyo.

Na kasa? Kasa ni kosa la haraka. Nilimchapa kwa wino wa ikosolventi, na baada ya saa moja nikamfunika kwa laminesheni, ile plastiki angavu ya kulinda picha, ili niwahi basi la Mokowe. Wino ule unahitaji saa 24, na bora 48, picha ikiwa imetandazwa wazi ili kiyeyushi kitoke. Nilikifungia ndani. Kikashuka kwenye gundi, kikailainisha kama asali. Juu yake laminesheni yenyewe ilikuwa ya kusukumwa, ikanywea na kumkunja kasa mzima.

Baada ya magharibi tulikaa barazani kwa nahodha na kahawa. Nilimweleza yote, kosa kwa kosa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Sasa nikupe boti kwa siku ngapi?"

Lile lilikuwa swali zuri kuliko la bei, kwa sababu mara ya kwanza aliishusha boti majini jioni ile ile, na mimi sikumzuia. Gundi hizi hushika polepole. Siku ya kwanza bado hazijafikia nguvu zake zote, na huhitaji siku mbili hadi tatu kufika kikomo. Nikamwambia, ami, nataka siku sita, na nataka ziwe za Kusi, bahari ikiwa imechafuka na safari ni chache. Tukakubaliana mwezi wa saba. Kazi ya mikono ilikuwa juu yangu. Vifaa tuligawana, kwa kuwa kasti ilinigharimu zaidi ya mara tatu ya ile roli ya kwanza, na nahodha mwenyewe alisisitiza kuchangia.

Kubandua kulichukua siku mbili nzima. Stika iliyokauka haitoki kipande kizima, hukatika vipande vya ukucha. Tulipasha moto kidogo kidogo kwa bloa, mashine ya kupuliza hewa moto, tukavuta kwa pembe ya chini, gundi iliyobaki tukaisugua kwa mafuta ya taa. Mafuta ya taa nayo ni mafuta, yakibaki hakuna kitakachoshika, kwa hiyo tuliosha kwa sabuni na maji baridi ya kisima, mara mbili, hadi kiganja kikatoka kama kilivyoingia. Ubavu tuliung'arisha kwa dawa ya kusugulia faiba hadi unga ukaisha, tukauosha tena. Mwisho spiriti, kwa vitambaa viwili: kimoja kibichi kinachoyeyusha, kingine kikavu kinachofuata nyuma yake kabla spiriti haijakauka. Ukiiacha ikauke yenyewe, uchafu hurudi palepale ulipokuwa.

Tulibandika baada ya sala ya alfajiri, tukasimama kila siku saa tatu asubuhi. Faiba iliyopigwa na jua huifanya gundi ishike papo hapo, na hapo huna nafasi ya kurekebisha. Mkanda wote wa ubavuni ulikuwa wa kasti yenye gundi isiyoogopa maji, maana baadhi ya gundi za bei nafuu hugeuka nyeupe na kulegea zikilowa. Penye mfuo ndipo penye ufundi, na napenda kila fundi kijana aone mkono unavyofanya. Usiivute stika juu ya mfuo. Ilaze kwanza kwenye kina, uikandamize kwa kidole chenye glavu, ndipo uitoe nje kushoto na kulia kwa skwiji, kibao cha kusawazishia stika, yenye kitambaa ukingoni. Ikishalala, rudi na bloa uipashe hadi nyuzi 90 au 100, ukipima kwa kipimajoto cha mwanga. Joto hilo huifanya isahau umbo lake la zamani na kulikubali jipya. Bila hatua hiyo hata kasti itanyanyuka. Kila pembe niliikata duara, kwa kuwa ncha ndiyo ya kwanza kukwaruzwa na kamba.

Mkanda niliupandisha pia. Mara ya kwanza sehemu yake ya nyuma ilikuwa inazama boti ikijaa watu. Viwanda havipendekezi stika kukaa ndani ya maji muda wote, na mahali pale tulipaka rangi ya boti, tukamaliza.

Upande wa kushoto rangi sasa ilikuwa na miezi saba, na bado nilibandika kipande cha majaribio siku ya kwanza nikakiacha juani hadi kesho yake. Hakikutoa kipovu, ndipo nikaendelea. Kwenye kioo cha mbele jaribio lile lile lilitoa vipovu, na uamuzi wangu ukawa kutobandika kitu. Maandishi yake yalihamia kwenye ubao mdogo wa alumini juu ya kioo, na hapo nilitumia polimeriki, kwa kuwa uso ulionyooka hauhitaji kasti. Kasha la maboya lilipata stika ya gundi kali. Kasa mpya alichapwa kwenye kasti, akakaa wazi siku mbili mezani, kisha akafunikwa kwa laminesheni ya kasti. Chini ya paa sikugusa. Ile ya bei nafuu bado ipo, na ni haki yake kuwepo.

Tangu siku hiyo mteja akiingia karakana simwonyeshi rangi kwanza. Namuuliza inakwenda wapi. Tangazo la punguzo la bei la wiki tatu kwenye dirisha la duka lapata monomeriki yenye gundi ya kubanduka, ili lisiache alama. Kioo cha nyuma cha tuktuk chapata ile yenye matundu madogo, anayeketi ndani aone nje. Mlango wa kioo wa zahanati wapata ile yenye ukungu, ya kuficha ndani. Na kuna ninayoyakataa. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu aliniomba nibandike tangazo juu ya ukuta wa chokaa wa nyumba ya mawe, karibu na mlango wa nakshi. Chokaa hupumua na kumeguka, stika haitashika, na hata ingeshika singeibandika. Nilimtengenezea kibao cha mbao cha kuning'iniza.

Nimeitazama boti tena mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uliofuata, ikiwa imepita Kusi nyingine nzima. Nahodha mwenyewe alipitisha ukucha ukingoni mwa mkanda kutoka omo hadi tezi, taratibu, huku mimi nikimfuata nyuma. Hakuna wanja. Kwenye mfuo stika imelala chini kama rangi. Jina la juu ya paa, ingawa nalo ni kasti, limeanza kupoteza mng'ao, na buluu yake si ile ya ubavuni tena. Nimepima herufi zake upya. Tutazibadilisha hizo peke yake, kwa nyeupe juu ya mbao za rangi ya buluu, boti itakapopandishwa mwezi wa saba.